Mzee Akiimba Kombo, Bendi Nzima Imfuate

Nianze na mzee mmoja na jeraha la kichwa.

Mwaka wa 1905 mzee huyo, Bwana Deane, mwenyeji wa kijiji cha Hibaldstow, alikuwa anaishi katika nyumba ya maskini mjini Brigg, kaunti ya Lincolnshire, Uingereza. Hizo nyumba ndizo ulizopelekwa ukizeeka huna mali wala mtu wa kukutunza. Akaja kijana na daftari, anataka nyimbo za kale. Mzee akaanza wimbo mmoja wa baharia, wimbo ambao hakuwa ameuimba kwa miaka arobaini. Hajafika mbali, machozi. Mama msimamizi akaingilia: moyo wa huyu mzee ni dhaifu, wacha. Kijana akaacha, shingo upande.

Baada ya mwaka hivi akarudi, safari hii na fonografu, ile mashine ya kunasa sauti kwenye silinda ya nta. Mwenyewe ameandika, bila haya, kwamba aliwaza hivi: kama mzee ni wa kufa, afadhali afe akiuimba wimbo kuliko afe bila kuuimba. Akamkuta wodini, kichwa kimepasuka kwa kuanguka kwenye ngazi, na mzee anajivunia kidonda chake kama mtu aliyepewa medali. Akasema hana nguvu ya kuimba. Kijana akamwambia sawa mzee, usiimbe, sikiliza tu wenzako wa hapa karibu nilivyowanasa. Rekodi haijafika nusu, mzee ameshakubali. Fonografu ikawekwa juu ya kitanda, na katikati ya beti mbili Bwana Deane anaiambia mashine kwamba jambo hili linamfurahisha.

Kijana huyo ni Percy Grainger. Na miaka thelathini baadaye wimbo huo ukawa sehemu ya kwanza ya Lincolnshire Posy, kazi ya bendi ya ala za kupuliza ambayo watu wa bendi wanaisujudia hadi leo. Mtu akiniuliza nipendekeze kitu kimoja tu cha bendi, nitasema hicho. Lakini nimechoka kusoma watu wakiisifu kwa “rangi” zake, ati Grainger alijua kuchanganya ala vizuri, full stop, twende nyumbani. Alijua, ndiyo. Lakini ukiangalia nota zake vizuri utaona kila ala imewekwa pale kwa ajili ya mzee fulani. Huyu jamaa alikuwa analipa deni.

Kidogo kuhusu yeye, kisha turudi kwa ala. Alizaliwa Melbourne, Australia, mwaka wa 1882, akakulia kwenye piano, mama yake akimsukuma kila hatua. Akaishi London kama mpiga piano wa kumbi kubwa, wa suti na kushikana mikono na matajiri. Mwaka wa 1905 akaenda Brigg kwa tamasha la mashindano ya muziki ambalo lilikuwa na kipengele cha nyimbo za wenyeji. Aliyeshinda ni Joseph Taylor, mzee wa kijiji cha Saxby-All-Saints, umri umepita sabini, sauti bado inaruka kama ya kijana. Grainger akanaswa pale pale.

Sasa hapa ndipo ugomvi unaanza, na bila huu ugomvi hutaelewa kwa nini bendi yake inasikika vile inasikika.

Wakati huo Uingereza ilikuwa na kundi la wasomi wanaozunguka vijijini wakiandika nyimbo kabla wazee hawajafa. Kazi nzuri, sipingi. Lakini wengi wao walikuwa wanaandika wimbo kwa kalamu, wakitafuta umbo “halisi” lililojificha nyuma ya mwimbaji. Mzee akivuta noti moja zaidi, hiyo ni uzee. Akibadilisha ubeti wa tatu usifanane na wa kwanza, amesahau. Unarekebisha, unanyoosha, unaweka kwenye vipimo vya mapigo manne manne, unachapisha kitabu cha shule. Cecil Sharp, jina kubwa kuliko yote katika harakati hizo, hakuipenda fonografu hata kidogo. Aliona inamfanya mwimbaji ajishuku, na kwamba sikio la mwanamuziki aliyefundishwa linatosha.

Grainger akasema hapana. Mwaka wa 1908 akachapisha nyimbo alizonasa, beti kwa beti, akionyesha kila mahali mwimbaji alipochelewa, alipoharakisha, alipopinda noti. Alirudisha silinda nyuma mara nyingi, akaipunguza kasi, akaandika tena. Hoja yake ilikuwa rahisi: huu “ukombo” ndio ufundi wenyewe. Mzee Taylor hasahau. Mzee Taylor anatunga, kila ubeti upya.

Nikiwa sekondari, mwalimu mmoja alituletea wimbo wa harusi aliouchukua kwa nyanya wa kijiji cha jirani. Aliupanga sauti nne, akaunyoosha uingie kwenye mapigo manne, ukakaa sawa kama chapati. Siku ya mazoezi ya mwisho nyanya akaletwa atusikilize. Akakaa, akatabasamu kwa adabu, kisha akamuuliza mwalimu huo ni wimbo wa wapi.

Basi kila nikisikiliza Grainger namkumbuka huyo nyanya.

Lakini mpiga piano wa kumbi za London alifikaje kwenye bendi za kupuliza? Kupitia jeshi. Mwaka wa 1914 alihamia Marekani na mama yake, na 1917 akajiunga na jeshi la Marekani kama mwanabendi katika kikosi cha mizinga ya pwani, Fort Hamilton, Brooklyn. Mtu aliyekuwa anajaza kumbi sasa amevaa sare na kupuliza saksafoni na obo. Na badala ya kuona aibu, akapenda. Pale kambini alikuwa na kitu ambacho mtunzi wa orkestra hana: kila aina ya ala ya kupuliza chini ya paa moja, na yeye mwenyewe amekaa katikati, si mbele na kijiti.

Sisi Kenya tunajua bendi kwa sherehe za kitaifa na gwaride, tarumbeta zinang’aa, ngoma mbele. Kwa hivyo wengi tunadhani kazi yake ni kuwafanya watu watembee. Huko Marekani na Uingereza mawazo hayakuwa tofauti sana. Bendi ilipiga machi, ikapiga vipande vilivyokatwa kutoka opera, vikapangwa upya ili klarineti zifanye kazi ya vayolini. Yaani bendi ilikuwa orkestra ya maskini. Grainger alikataa hilo kabisa. Kwake, kwa hisia nzito, hakuna chombo kinachoishinda bendi, na alishangaa watunzi wakubwa wameandika kidogo kiasi gani kwa ajili yake.

Na sababu yake mimi naielewa hivi: bendi inapumua. Vayolini haihitaji pumzi. Klarineti inaihitaji, kama vile Mzee Deane aliihitaji.

Haya, tuingie ndani. Lincolnshire Posy ina sehemu sita, wimbo mmoja kwa kila sehemu. Ilipigwa mara ya kwanza Machi 1937 mjini Milwaukee, kwenye mkutano wa chama cha viongozi wa bendi wa Marekani, na Grainger aliitoa kwa heshima ya wale wazee waliomwimbia. Alisema wazi kwamba kila sehemu ni picha ya mwimbaji wake: tabia yake, pumzi yake, namna anavyobeba sauti. Si picha ya hadithi ya wimbo. Picha ya mtu.

Sehemu ya Mzee Deane ndiyo ya kwanza, “Lisbon”. Ungetarajia bendi ifungue kwa kishindo, si ndiyo? Inafungua na tarumbeta zilizozibwa midomo, pamoja na basuni. Tarumbeta iliyozibwa ni sauti nyembamba, ya puani kidogo. Basuni ni ya mbao, kavu, na kama umewahi kusikia zumari kule Pwani unajua ukoo wake, maana zote zinapigwa kwa tete la kutetemeka mdomoni. Ukizichanganya unapata kitu cha uchangamfu lakini kilichozeeka. Ni mzee mwenye kidonda anayeimba kitandani! Baadaye honi zinaingia na wimbo mwingine kabisa, wa vita, unaopita chini ya ule wa baharia, na sauti inapanuka. Kisha inarudi, inanyamaza. Dakika moja na nusu hivi, imeisha.

Ya pili, “Horkstow Grange”, ni ya George Gouldthorpe, mzee aliyeimba bila mapambo yoyote, noti tupu, uso wa kazi. Kwa hivyo hakuna kuchezacheza. Ala zinatembea pamoja kama watu wanaobeba kitu kizito, na katikati tarumbeta moja inaachwa peke yake juu, na bendi nzima inakuja kuinuka nyuma yake. Nimewahi kulia hapo. Siombi msamaha. (Wimbo wenyewe unahusu ugomvi wa mtu na msimamizi wake wa shamba, na bendi ya Uingereza ya Steeleye Span ilipata jina lake humo. Sasa mnajua.)

Lakini ya tatu ndiyo nimeandikia hii makala. “Rufford Park Poachers”, wimbo wa Mzee Joseph Taylor mwenyewe. Unahusu mapigano ya kweli ya mwaka wa 1851 kati ya walinzi wa msitu wa tajiri na watu waliokuja usiku kuwinda wanyama wake. Sheria iliwaita wezi. Wimbo unawaita mashujaa. Mkenya hahitaji maelezo zaidi hapo, tuna hadithi zetu za nani aliitwa mwizi kwa kuwinda msitu uliokuwa wa babu yake.

Grainger anafungua na ala nne tu. Pikolo, ambayo ni filimbi ndogo kuliko zote. Klarineti ndogo ya sauti kali. Klarineti ya kawaida. Na klarineti besi kule chini kabisa. Mbili zinaanza wimbo, mbili zinaufuata nyuma kidogo, zinafukuzana. Juu kuna sauti, chini kuna sauti, katikati wazi kabisa. Giza. Na zile mbili za nyuma hazifiki kamwe. Sijawahi kusikia mtu akipanga ala nne na ukasikia nafasi iliyo kati yake kuliko ala zenyewe.

Halafu mapigo. Mzee Taylor hakuimba kwa vipimo vilivyolingana, basi Grainger hakumlinganisha. Ukifungua nota unaona kipimo cha mapigo manne, kinafuata cha matano, kinabadilika tena, ukurasa baada ya ukurasa. Si fujo za usasa. Ni Mzee Taylor anavuta pumzi. Wachezaji ishirini, thelathini, hamsini, wanahesabu kwa jasho ili wafuate pumzi ya mzee mmoja aliyekufa mwaka wa 1910. Kwa hili Grainger alijua atalaumiwa, akajibu mapema kwenye dibaji: watakaogoma kupiga hizi midundo si vijana, ni wanabendi wakongwe wa kulipwa ambao wanafikiria bia yao kuliko muziki. Noma sana kuandika hivyo kwenye nota unazotaka watu hao hao wanunue.

Ala nne zikimaliza, anaingia mwimbaji peke yake. Grainger aliandika njia mbili, kiongozi achague: flugelhoni, ambayo ni kama tarumbeta lakini laini na ya mviringo, au saksafoni soprano. Kuna bendi zinazopenda flugelhoni kwa kuwa ni salama. Mimi niko upande wa saksafoni, na namwambia yeyote anayebisha aende asikilize sauti ya Taylor. Ina makali kidogo, inatetemeka mwishoni mwa mstari, ina kitu cha kulalamika ndani. Flugelhoni inamfanya awe mzee mstaarabu wa kanisani. Saksafoni inamrudisha msituni.

Ya nne nitaipita haraka, “The Brisk Young Sailor”, tamu tu, klarineti zinaimba kisha zinamzungukia baritoni kwa mapambo kama mawimbi madogo. Ya tano, “Lord Melbourne”, ni ya George Wray, ambaye alianza kazi kwenye kiwanda cha matofali akiwa na miaka minane, kisha akaenda baharini kama mpishi. Mtu mgumu. Hapa Grainger anafanya kitu ambacho kwa bendi ya 1937 kilikuwa karibu matusi: anafuta vipimo kabisa. Shaba nzito zinapiga pamoja, kwa nguvu, na hakuna hesabu. Kiongozi wa bendi anatoa kila pigo anapotaka, mrefu au mfupi, na wote wanamtazama machoni. Fikiria bendi ya jeshi, iliyofundishwa miaka yote kuhesabu kushoto kulia, inaambiwa usihesabu, mtazame mtu.

Kuna ufundi mwingine ambao hauonekani haraka. Katika nota za watunzi wengi, bendi ikiambiwa ipige kwa nguvu, wote wanapiga kwa nguvu. Kwa Grainger, kwenye sekunde ile ile, obo inapanda, honi inashuka, saksafoni imebaki katikati. Kila mstari ana maisha yake. Ndiyo maana alipenda familia nzima ya saksafoni, kutoka soprano mpaka besi, aliiona kama kwaya ya watu. Na ndiyo maana hakukubali saksafoni itumike kujaza mashimo tu.

Sasa lazima niseme jambo ambalo mashabiki wake wanalikwepa. Grainger alikuwa na mawazo mabaya kuhusu rangi za watu. Aliamini watu wa kaskazini mwa Ulaya, wenye macho ya bluu, ni bora, na alikataa hata maneno ya Kiitaliano ambayo wanamuziki wote hutumia kwenye nota, akaweka Kiingereza chake alichokitengeneza. Na mtu huyo huyo alikaa mwaka wa 1909 akiandika kwa makini muziki wa Wamaori na wa Rarotonga kutoka kwenye silinda, akasema wazi una ustadi ambao Ulaya haina. Mtu huyo huyo, akiongoza idara ya muziki katika Chuo Kikuu cha New York mwaka wa 1932, alimwalika Duke Ellington na bendi yake waje wapige mbele ya wanafunzi. Sijui niwaunganisheje hao Grainger wawili, na sitajaribu kumsafisha. Ninachoona ni kwamba akiandika barua alikuwa mbaguzi, akisikiliza alisahau. Masikio yake yalikuwa na adabu kuliko kichwa chake. Na wazo la kumfuata mwimbaji vile alivyo, hilo nalichukua bila kumwomba ruhusa.

Kwa mtu anayefundisha bendi ya shule na hana ala za kutosha, kuna hili pia. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Grainger alianza kuandika kwa mtindo wa kunyumbuka: nota zilizopangwa ili kundi dogo au kubwa liweze kupiga, ala moja ikikosekana nyingine ishike mstari wake, mradi mistari yote isikike na hakuna anayemfunika mwenzake. Kwake uwiano wa sauti ulikuwa muhimu kuliko jina la ala. Huna basuni? Tafuta saksafoni baritoni. Kwa bajeti za shule zetu hilo si jambo dogo.

Ya sita sijaisahau. “The Lost Lady Found” ni wimbo wa dansi, na hapa anafanya kinyume cha yote niliyosema: wimbo haubadiliki hata kidogo. Unarudi, unarudi, unarudi, na ni mavazi tu yanayobadilika. Klarineti, kisha wengine wanajiunga, kisha chini kunajaa, na mwishoni kengele ndefu, glokenspili, zailofoni na ngoma zinalia pamoja na bendi yote. Ngoma zenye noti ndizo alizozipenda kuliko kila kitu.

Kwa miaka mingi kazi hii haikuwa hata na nota kamili za kiongozi. Ilichapishwa na ufupisho tu, na makosa yamejaa kwenye kurasa za wachezaji. Ilibidi Frederick Fennell, yule aliyeanzisha Eastman Wind Ensemble mwaka wa 1952, ayachambue makosa hayo moja moja na kutoa nota kamili mwaka wa 1987. Grainger alikuwa amekufa tangu 1961.

Ukitaka kuisikiliza leo usiku, usianze na bendi. Anza na Mzee Taylor. Kampuni ya Gramophone ilimpeleka London mwaka wa 1908 kumrekodi, na sauti yake akiimba “Rufford Park Poachers” bado ipo. Isikilize mara mbili, mara ya pili uhesabu mapigo kwa kidole mezani. Kidole chako kitapotea karibu na mwisho wa mstari. Ukishapotea, weka bendi.